Chumvi Yote Niliimwaga

Alhamisi, Julai 1976
Wodi ya watoto, Mbeya

Baridi ya leo haina adabu. Tangu asubuhi upepo unashuka mlimani, unapita chini ya mlango wa wodi na kuwafuata watoto mpaka ndani ya blanketi. Sasa ni saa tisa na nusu alasiri. Jua limejitokeza kidogo upande wa jikoni, nami nimekaa kwenye ngazi ya nyuma na daftari hili magotini. Ni daftari la shule. Kurasa za mbele zina mahudhurio ya darasa langu la watu wazima kule Iyunga, na huku nyuma ndiko ninakoandika mambo yangu.

Sijaandika kwa siku kumi. Ndizo siku tulizokaa hapa safari hii, mimi na Sekela, mwanangu wa pekee, ambaye atatimiza miaka mitano mvua zikianza. Ni mara ya tatu kulazwa tangu Pasaka. Anavimba, anakauka, anarudi nyumbani, anavimba tena. Nami nilikuwa na mtu wa kumlaumu, na nilimlaumu kwa sauti, na watu wakanisikia.

Leo nimemjua mwenye kosa.

Nianze na asubuhi, maana nikianza na jambo lenyewe sitamaliza. Saa moja Sista Adelina, mkuu wa wodi, alikuja na mzani. Kule kliniki ya Iyunga mtoto akiongezeka uzito mama anatoka anatabasamu mpaka barabarani. Hapa ni kinyume. Hapa mshale wa mzani ukipanda, moyo unashuka. Leo umepanda tena. Sista aliandika kwenye kadi inayoning'inia miguuni mwa kitanda. Kisha akachukua mkojo wa Sekela kwenye kichupa cha kioo, akaupasha juu ya taa ya spiriti. Mkojo wa mtu mwenye afya ukichemka unabaki maji. Wa mwanangu unaganda mweupe, kama ute wa yai ukiangukia mafuta ya moto. Kwa siku kumi nimeutazama ukiganda, na kila siku najiambia leo ni kidogo kuliko jana. Ni uongo ninaojidanganya mwenyewe. Leo uliganda kichupa kizima.

Mimi nami nina kipimo changu. Nabonyeza muundi wa mguu wake kwa kidole gumba, naondoa kidole, naanza kuhesabu. Kwa mtoto mzima ngozi inarudi hapo hapo. Kwa Sekela linabaki shimo, nami nahesabu mpaka lijae. Jumatatu nilifika ishirini. Leo asubuhi nilifika hamsini na shimo bado lipo. Akanitazama kwa yale macho yake yaliyobaki mistari miwili, akaniuliza, "Mama, unanihesabu nini?"

Nilimwambia nahesabu siku za kurudi nyumbani.

Daktari alipopita saa nne alisimama kitandani kwetu muda mrefu kuliko kawaida. Ni kijana mpole, anapasha mikono kwanza kwa kuisugua ndipo amguse mtoto. Alisema figo zimechoka, dawa haifui dafu, na maji yameanza kupanda tumboni yakielekea kifuani. "Tukishindwa kuyakausha wiki hii, Mama Sekela..." Akaishia hapo. Alifunga kalamu yake akaitia mfukoni. Nilisubiri amalizie, akahamia kitanda kingine. Kitanda cha dirishani kilikuwa na mtoto aliyevimba kama wangu, na tangu Jumapili godoro lake limekunjwa. Akina mama wote wodini tunapita pale tukiangalia ukuta.

Ugonjwa huu ulianza kwa sifa, na hilo ndilo linaloniuma kila nikikumbuka. Wakati wa Pasaka nilimpeleka Sekela kwetu Kalenga ili mama yangu amwone mjukuu. Mashavu yamejaa, mikono imejaa, hata vidole vya miguu vimejaa. Majirani wote wakasema mtoto kanona, kumbe kuolewa na Mnyakyusa kuna faida yake, huko Mbeya mnakula nini. Nikajaa maringo. Jumatatu ya Pasaka tukaenda Iringa mjini, nikamvalisha gauni jeupe, tukapiga picha. Picha ile iko mezani nyumbani, ndani ya fremu, na kila mgeni anayeingia anaisifia. Hakuna hata mmoja wetu aliyejua kwamba tunachokisifia ni maji.

Siku tatu baada ya picha Sekela aliamka macho hayafunguki.

Tulilazwa Iringa wiki nne. Alipokauka, miguu ikarudi kuwa vijiti, nikalia kwa furaha kumwona amekonda. Daktari wa kule, mzee wa maneno machache, aliniita ofisini siku ya kutoka. Alisema chumvi hapana. Chumvi ndiyo inayoyashika maji mwilini. Hata chembe, hata ya kuonjea, mpaka atakapotuambia vinginevyo.

Mimi ni mwalimu, nikipewa agizo nalifuata mpaka nukta. Siku tuliyorudi nyumbani Iyunga nilichukua kopo la chumvi jikoni, nikatoka nalo nyuma ya nyumba, nikaimwaga yote kwenye mfereji wa maji machafu, mchana kweupe, majirani waone. Nikasuuza kopo. Nikamwambia Baba Sekela kuwa kuanzia leo nyumba hii haili chumvi. Yeye anafanya kazi kwenye reli mpya, akirudi anarudi na njaa ya kula hata meza, lakini alitafuna ule ugali na mboga chapwa mpaka akamaliza sahani. Nilijisifu, nakiri. Nilijisifu hata darasani, mbele ya watu wazima wenye wajukuu, nikawaambia kwamba agizo la daktari halijadiliwi.

Ila maharage. Kwetu Kalenga maharage hayapikwi bila magadi. Nilifundishwa na mama yangu nikiwa na miaka saba: kipande kama ukucha wa kidole gumba, unakiloweka kwenye maji, unayachuja, unayatia chunguni. Maharage yanaiva upesi, kuni zinapona, mchuzi unakuwa mzito. Kwangu mimi magadi ni ya kulainishia, basi. Chakula kilipokuwa chapwa kwa kukosa chumvi nikaongeza, kipande kimoja kikawa viwili, ili mtoto apate hamu. Akaipata. Uji alikuwa anausukuma, ndizi anazisukuma, lakini maharage yangu alikuwa anakula mpaka analamba sahani. Nikasema moyoni, mkono wa mama ni mkono wa mama.

Ndio mkono huu unaoandika.

Mama mkwe wangu alitoka kijijini kwake, Tukuyu, akaja kunisaidia. Nilikuwa nafundisha kila alasiri na Baba Sekela yuko njiani wiki nzima, mtoto aachiwe nani? Ni mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye kucheka. Alikuwa ananiita Mwalimu kwa sauti ya utani, kama mtu anayemwita kuku wake Bwana Mkubwa. Wiki ya pili akaniambia, "Gwe mwanangu, nami nataka kusoma. Nisije nikafa nikiweka dole gumba kwenye makaratasi ya watu." Akawa anakuja darasani na Sekela mgongoni, anakaa mstari wa mbele. Tulikuwa kwenye silabi: ma, me, mi, mo, mu, na, ne, ni, no, nu. Siku alipoliandika neno MAMA ubaoni bila kuongozwa, herufi moja kubwa kama mlango na nyingine ndogo kama panya, alicheka mpaka akajifuta machozi kwa khanga. Sekela akapiga makofi.

Yeye magadi hakuyapenda, alisema yanamletea kiungulia. Alipika chake: ndizi za kwao za kuchemsha, bila chochote, na limau. Alijua kumlisha Sekela. Alikaa naye chini, sahani moja, anakamulia limau, anafumba macho na kukunja uso, halafu anasema, "Mimi nimekuwa mzee, nashindwa. Wewe utaweza?" Basi yule mtoto anakula ili amshinde bibi yake. Siku alizolishwa na bibi uvimbe ulipungua. Mwanzoni mwa Juni, tulipolazwa mara ya pili, sasa hapa Mbeya, bibi ndiye aliyekaa wodini na kupika, kwa sababu nilikuwa na mitihani ya shule, na wiki mbili tu mtoto akakauka. Tukarudi nyumbani, kwenye chungu changu, akavimba. Hesabu yote ilikuwa ubaoni, nami mwalimu mzima sikuisoma.

Nilisoma kitu kingine. Mwishoni mwa Juni, asubuhi moja, nilikuwa nakunja khanga za mama mkwe nikakuta fundo kwenye pindo. Nikalifungua. Chumvi, kiasi cha kijiko.

Alisema ni yake. Alisema anaila nje, akiwa peke yake, kwenye ndizi zake, maana mdomo wa mzee ukikosa chumvi haumezi. "Mtoto sijampa, mwanangu. Nimpe nimuue?" Alisema mara tatu. Mimi nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika yote hapa. Nilimwambia kwamba ujinga wake unamla mtoto wangu. Nilisema hivyo mlangoni, na wanafunzi wenzake wawili walikuwa wanapita na madaftari yao kichwani.

Baba Sekela aliporudi nilimwekea lile fundo mezani, pembeni ya picha. Hajawahi kumpandishia mama yake sauti, na siku ile pia hakumpandishia. Alimwambia tu, "Mama, afadhali urudi nyumbani kwanza." Asubuhi akampeleka kwenye basi. Mama mkwe wangu alifunga vitu vyake, akaacha limau zote kwenye kikapu cha jikoni, akamshika Sekela kichwa. Mimi akanipa mkono. "Ndaga, mwanangu," alisema. Kwao ni asante. Sikuitika.

Daftari lake la silabi alisahau, au alikusudia. Ninalo hapa kwenye mkoba.

Baada ya hapo Sekela alikula chakula changu tu. Ndani ya siku tisa alikuwa hawezi kuvaa viatu. Mashemeji wakaanza kunong'ona kwamba bibi kaondoka na kinyongo, na kinyongo cha mzee kinatembea. Mimi nikawajibu kuwa hiyo ni imani ya zamani, kilichobaki mwilini ni ile chumvi yake. Nilikuwa na jibu la kila mtu.

Sasa nije kwenye leo mchana.

Nyuma ya wodi kuna banda la mabati lenye mafiga, ndipo sisi wenye wagonjwa tunapopikia. Safari hii mwenzangu wa karibu ni Mama Kabula, Msukuma, wamehamia Usangu na ng'ombe wao mwaka juzi. Binti yake Kabula alivunjwa mguu na mkokoteni. Mama Kabula hajui kusoma, na kwa siku kumi hizi nimekuwa nikimwelekeza mambo: namna ya kusoma saa ya ukutani, namna ya kumwuliza daktari, namna ya kutandika kitanda kama wanavyotaka manesi. Ananisikiliza kwa adabu. Leo nikaona maharage yake yamegoma kuiva na kuni zake zimeisha, nikavunja kipande cha magadi nikampa. "Tia hiki, Mama Kabula, utaokoa kuni."

Alikigeuza mkononi. Akakigusa kwa ncha ya ulimi, akacheka.

"Mwalimu, hii si ya ng'ombe hii? Sisi ng'ombe tunawapaga. Unaweka hapo chini wanalamba wee, wanapata chumvi yao. Usipowapa wanakonda, wanaanza kulamba mpaka mkojo."

"Haya ni magadi, Mama Kabula. Ni ya kulainishia."

"Ndiyo hiyo hiyo. Ni chumvi. Kule kwetu ya dukani ikiishaga tunaungia mboga hii hii, mbona tamu tu."

Kisha akatazama chungu changu. Akanitazama mimi. Mkono wake ukaenda mdomoni wenyewe.

"Lakini wako si walimkatazaga chumvi?"

Nilikuwa naangalia povu la maharage likipanda. Nilijua, kabla ya kuuliza mtu yeyote nilikuwa nimeshajua. Nilikumbuka Sekela akilamba sahani. Wanalamba wee.

Nilimkuta Sista Adelina anahesabu mashuka. Nikafungua kiganja mbele yake.

"Sista, magadi ni chumvi?"

Alikitazama kile kipande. "Unampikia?"

"Ndiyo."

"Tangu lini?"

"Tangu Iringa."

Aliweka mashuka chini, akakaa kwenye benchi, jambo ambalo sijamwona akilifanya akiwa zamuni. Alisema ni yale yale, yanayashika maji mwilini kama chumvi. Nikasema daktari alitaja chumvi, hakutaja magadi. Nilisikia sauti yangu ikijitetea kama mwanafunzi aliyekamatwa. "Hakutaja," alisema Sista, "pengine kwao hawapikii. Sasa umejua. Kamwage." Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nilipofika mlangoni akaniita. "Mama Sekela, kesho usitoke nje ya hospitali. Daktari atakutaka asubuhi."

Nimekaa hapa hospitalini siku za kutosha kujua maana ya kuambiwa usitoke.

Nilimwaga chungu chote. Mara ya pili mwaka huu namwaga, na safari hii hakuna niliyemwita aone. Mama Kabula alinisaidia kukisugua kwa majivu. Alipomaliza akasema, "Pole, mwenzangu," na neno hilo mwenzangu lilinitoa machozi kuliko yote. Nyani haoni kundule. Nimeutumia msemo huo darasani mara ngapi, nikiwaangalia wengine.

Nilimchemshia Sekela ndizi, bila kitu. Nikakaa chini kama bibi yake. Nikakamua limau, nikafumba macho, nikakunja uso, nikasema nashindwa, wewe utaweza? Alinitazama kwa huruma, kama anayemtazama mtu mzima akicheza rede. "Hiyo ni ya Bibi," akasema. Akageukia ukuta. Nilimbembeleza, nilimtisha, nilimwahidi gauni. Hakula. Jioni ya jana alikula maharage, leo hana kitu tumboni isipokuwa maji yale yasiyotoka na vidonge. Sista anasema asipokula chakula, dawa itampasua tumbo. Kisha anasema atakula tu, akisikia njaa. Lakini mtoto huyu hasikii njaa, amejaa.

"Bibi anakuja lini?" aliniuliza akiwa bado ameuelekea ukuta.

Kwa hiyo ni hivi. Ninamhitaji mtu niliyemfukuza. Ningeweza kwenda mwenyewe Tukuyu, nikapiga magoti uani kwake kama inavyompasa mkwe aliyekosa, na asubuhi ningekuwa wa kwanza kwenye basi. Nimekatazwa kutoka. Baba Sekela yuko Makambako kikazi mpaka Jumamosi, na yeye nitamwambia uso kwa uso. Hilo naliogopa kwa namna yake. Aliyepo ni Ezekia, mhudumu wa wodi, anakwenda likizo kwao kesho asubuhi, na kwao ni mwendo wa nusu saa kutoka kwa mama mkwe. Amekubali kupeleka barua.

Barua nimeandika mara tatu. Ya kwanza ilianza, "Mama mpendwa, imegundulika kwamba..." Nikaichana. Imegundulika na nani? Ya pili ilieleza habari za figo na magadi, kurasa mbili, mwandiko mzuri, na katika kurasa mbili sikujitaja. Nikaichana pia. Ya tatu ilikuwa ya kweli, nikairudia kuisoma, ndipo nikakumbuka kwamba yeye hawezi kuisoma. Atamwita kijana wa jirani au katibu wa kanisa, asimame uani na kuisoma kwa sauti, na kijiji kizima kitajua kwamba mkwe wake alimwita mjinga mlangoni, na kwamba mwanawe wa kumzaa alimpandisha basi. Nilimwaibisha mbele ya watu mara moja. Nimwaibishe tena kwa kumwomba radhi?

Nilitoa daftari lake kwenye mkoba. Kurasa saba. Ma, me, mi, mo, mu. Na, ne, ni, no, nu. Hapo ndipo alipoishia. Nikazipitia silabi zile nikitafuta maneno anayoweza kuyasoma mwenyewe, bila mtu, akiwa amekaa kwenye kigoda chake jikoni. Si mengi. Nilidhani hayatatosha.

Yametosha. Nimechana ukurasa katikati ya daftari hili, nikaandika kwa herufi kubwa za ubaoni, zenye nafasi kati yake:

MAMA
NI MIMI

Halafu nikachukua kipande cha magadi nilichompa Mama Kabula, kile alichokilamba, nikakiweka katikati ya karatasi na kuikunja. Amenitazama nikiyaloweka mara nyingi. Akikiona pamoja na maneno yale ataelewa kosa lilikuwa la nani, na hakuna mwingine atakayeelewa. Juu ya karatasi nikafunga limau moja kwa kipande cha kitambaa. Ezekia nimemwambia aseme kwa mdomo jambo moja tu: Sekela hali, anamwita bibi yake.

Majuto ni mjukuu, wanasema. Wangu yuko kitanda cha nne, anapumua kwa kifua cha juu, kwa haraka, na Sista amekuja kumwekea mto wa pili mgongoni ili asilale chali. Hakuniambia kwa nini. Jua limeshaondoka kwenye ngazi na vidole vyangu vimekufa ganzi, lakini nataka nimalize ukurasa.

Sijui kama mama mkwe atakuja. Mimi ningekuwa yeye nisingekuja, nalisema wazi. Ningekaa na ile karatasi nikaisoma mara mia nifurahi. Lakini mimi si yeye, na hilo ndilo tumaini pekee nililobaki nalo leo.

Nimeingia ndani mara moja kumwangalia, nikambonyeza mguu. Nilifika sitini nikaacha kuhesabu. Alikuwa macho.

Basi la kwanza la Tukuyu linaondoka saa kumi na mbili asubuhi. Ezekia atafika kabla ya saa tatu. Bibi akikubali kuondoka papo hapo, saa nane mchana atakuwa mlangoni pa wodi hii, na kikapu chake.

Saa nane, mwanangu. Mngoje bibi yako.